Kompyuta ya Sebuleni kwa Mama Murtaza

Uso wa Murtaza uliganda akiwa amefumba jicho moja, kisha ukatoweka. Ilikuwa siku ya hitima ya mama yake, tumekaa uani kwao mjini Shinyanga chini ya turubai, wanaume upande wa ukuta na sisi wanawake upande wa jikoni, na kompyuta ya kupakata imewekwa juu ya stuli ili yeye aliyeko Toronto, ambaye hakuwahi ndege, naye asikie mama yake anavyosomewa. Sheikh ndiyo kwanza alikuwa amefungua kinywa. Vijana wakaruka: huyu anainua simu juu kutafuta mtandao, yule anauliza kama bando limeisha, mwingine anaigonga kompyuta ubavuni kama redio iliyoishiwa betri. Zehra, dada yake Murtaza na rafiki yangu tangu ujana, alinitazama tu. Nilivaa ndala zangu nikaelekea sebuleni, maana katika nyumba ile mawasiliano yakikatika huanzi na waya. Unaanza na kuuliza ni nani kaingia sebuleni. Hilo nilijifunza mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ambao kompyuta tatu za nyumba ile nusura zihamie Geita na Zehra nusura ahamishiwe Canada.

Nilifika Shinyanga nikitokea Mwanza, nikiwa na cheti cha kompyuta na kiburi kilichokizidi cheti chenyewe. Nyumba ilikuwa kama nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi wa mji ule: mbele duka la vitambaa la Mzee Akbar, baba yake Zehra, likinuka vitenge vipya, nyuma yake sebule, kisha vyumba, ua, na jiko ambalo naapa lilikuwa kubwa kuliko duka. Murtaza alipohama, Zehra alikitwaa chumba chake akaanzisha kazi ya uchapaji: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti. Mimi aliniajiri nimsaidie kupiga chapa. Kompyuta zilikuwa tatu, na alizipa majina kama mtu anavyowapa majina ng'ombe wake. Tunda, iliyokuwa na chapa ya tunda lililomegwa, ilikaa chumbani. Ilikuwa zawadi ya Murtaza, ilisafiri ndani ya sanduku ikiwa imevishwa sweta, na ilikuwa hodari wa michoro na herufi nzuri. Duka ilikaa kwenye kona ya dukani nyuma ya majora ya khanga, na hapo ndipo nilipokuwa nikipiga chapa. Ya tatu, Sebule, iliwekwa sebuleni kwa sababu moja tu, kwamba pale ndipo palipokuwa na stabilaiza ya televisheni. Hiyo ndiyo iliyokuwa na nafasi kubwa, kwa hiyo kazi zetu zote tulizihifadhi humo. Waya mweusi, mnene kama wa antena, ulitoka dukani, ukapenya kwenye tundu la hewa juu ya mlango, ukapita nyuma ya kochi la sebuleni, ukaishia chumbani kwa Zehra. Mimi nikichapa maneno kule, Zehra anayafungua huku na kuyapamba, na hakuna aliyenyanyuka kitini. Wateja waliletwa chumbani waone maajabu hayo, nami nilisimama pembeni nikitabasamu kana kwamba nimeyabuni.

Kasoro ni kwamba yalikuwa yanakatika. Tunda na Sebule zilitengenezwa na watu tofauti kwa fikra tofauti, na ili zielewane ilibidi programu fulani ikae katikati kama mkalimani. Mkalimani huyo alikuwa mwepesi wa kususa. Sebule ikitoweka hata kidogo, Tunda haikuuliza mara mbili. Iliganda palepale, na ukurasa uliokuwa mkononi ukaenda na maji. Nikiwa dukani nilisikia sauti ya Zehra ikipita juu ya majora: "Limi! Imekatika!" Nikikimbilia sebuleni nakuta wageni wa Mama Murtaza, wanawake wamejitanda khanga wakiongea chini kwa chini, nami nilikuwa nimelelewa vyema kiasi cha kutojipenyeza katikati ya watu wazima kwenda kupapasa waya nyuma ya kochi walilokalia. Nasubiri. Wageni wakiondoka naingia, na kompyuta nakuta inawaka kama kawaida, ila inajikagua kwa ule ukurasa wake wa buluu unaokuja inapozimika vibaya. Umeme, nilisema. Kila mtu alisema umeme. Katika mji ule kuulaumu umeme hakukuhitaji ushahidi.

Mzee Akbar aliivumilia biashara ile kama mtu anavyomvumilia paka wa jirani. "Mimi nauza kitambaa," alituambia mezani siku tulipolazimika kurudia kadi zote za harusi moja ya Tinde. "Mtu ananunua mita tatu, anaondoka na mita tatu. Nani kati yenu ameona kitambaa kinapotea ndani ya mfuko?" Zehra akacheka, lakini baba yake hakucheka. Akasema kuna bwana mmoja wa Geita, Tito, mnunuzi wa dhahabu, anataka kompyuta tatu afungue ofisi ya kuchapa barua, kwa sababu kampuni za wazungu zinamiminika huko. Zehra alikuwa amepata kazi ya mitihani ya majaribio ya darasa la saba kwa shule nyingi za wilaya. "Mkiiharibu na hiyo ya watoto," alisema Mzee, "Tito atakuja na gari. Na wewe, dikri, utakwenda kwa kaka yako. Chumba chako kipo." Dikri ni binti, kwa lugha yao. Alisema kwa upole, tena akamwongezea mchuzi, na ndiyo maana tulijua hatanii. Baadaye chumbani Zehra aliniambia, "Toronto nitakuwa wifi wa jikoni, Limi. Nitakatakata vitunguu vya mke wa Murtaza mpaka wanitafutie mume." Alikuwa na miaka ishirini na minne, na ile kazi ya uchapaji ndiyo kitu pekee duniani alichokianzisha mwenyewe. Akarudi kupanga karatasi, nami nikaamua kwamba huyu haondoki.

Mwezi huohuo nilikwenda nyumbani Geita kusalimia, na Mzee akanibebesha kalenda za huyo Bwana Tito, zilizochelewa kwa sababu ileile. Mji ulikuwa umechangamka ajabu. Wachimbaji wadogo, wanaapolo kama tunavyowaita, walijaa barabarani na nguo zao za rangi ya udongo, na kando yao magari meupe ya kampuni yakipita vioo vimefungwa. Penye vibanda vya chakula nikasikia naitwa: "Limi wa kwa Mama Murtaza!" Alikuwa Minza, binti wa jirani yetu wa Shinyanga, ambaye alikwenda machimboni kuuza chapati. Tulikuwa rika moja. Alikuwa akija kwa Zehra kutucheka tulivyolala chini ya meza kufuata waya. Alinilazimisha nikae, akanipa chai na chapati mbili za moto, akataka umbea wote wa mtaa. Alikuwa amekonda, na katikati ya kicheko alikuwa akisimama kukohoa, akigeukia pembeni kwa adabu. "Msalimie mama," aliniambia. "Mwambie biashara inakwenda." Bwana Tito naye alinipokea vizuri sana. Hakulalamika juu ya kalenda. Alinifungulia chumba kilichopakwa rangi upya, chenye mapazia, na ndani yake meza tatu za mninga zikinuka vanishi. "Seremala amemaliza jana," alisema. "Na wewe binti ukitaka, utakuja nazo. Si huku ndiko kwenu?" Nilizitazama zile meza moja baada ya nyingine. Niliona kabisa Tunda itakapokaa.

Nilirudi Shinyanga nimejaa hasira za kazi. Nikaukagua waya wote hatua kwa hatua nikiwa nimepiga magoti, nikakuta mguu wa kochi umeukanyaga, nikausogeza. Nikagundua kwamba Duka na Sebule zilikuwa zimepewa anwani moja, kama nyumba mbili zenye namba moja mlangoni, kwa hiyo ujumbe wa hii ulikwenda kwa ile, nikazitenganisha. Nikakuta Sebule imepangwa ijilaze yenyewe isipoguswa kwa muda, nikaiamuru ikeshe. Kila kosa lilikuwa la kweli, na kila nilipolirekebisha tulipata siku kadhaa za amani, Zehra akininunulia soda na kuniita daktari. Kisha sauti ikapita tena juu ya majora: "Limi! Imekatika!" Tulimwita fundi umeme, akafungua soketi ya sebuleni, akatikisa kichwa kama wanavyotikisa wote, akabadilisha waya ambao haukuwa na neno. Mimi mwenyewe nilimfuata Mama Murtaza jikoni nikamuuliza, "Mama, umeme wa sebuleni huwa unakatika mchana?" Akafikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo, akasema, "Hapana, mwanangu. Umeme wa sebuleni haukatiki." Nilitoka pale nikiamini kwamba mama wa watu hajui kinachoendelea nyumbani kwake.

Lazima nieleze Mama Murtaza alivyokuwa, kwa sababu waliomjua uzeeni tu wanamkumbuka akiwa amekaa kwenye kiti. Alizaliwa Tinde, nyuma ya duka la baba yake, na Kisukuma alikizungumza vizuri kuliko mimi niliyetoka Geita na kukulia mabwenini. Asubuhi mtaa mzima ulimwamkia, "Mwangaluka," naye akaitikia akitaja jina la kila mtu. Jikoni kwake palipikwa khichri, ule wali wa dengu, na mchuzi wa maziwa ya mgando kwa ajili ya Mzee, lakini yeye mwenyewe alipenda michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akivipika kwa karanga mpaka rojo iwe nzito, na siku za michembe tulikula wawili, mimi na yeye, kwenye vigoda, kwa sababu Zehra alidai ni chakula cha safari. Ukutani, juu ya misumari mikubwa, yalining'inia masufuria yake. Yalikuwa ya kupikia watu wengi, meusi chini na meupe juu, kila moja lina alama ya rangi nyekundu. Ndani ya kubwa kuliko yote mtoto angeweza kuoga. Nilipouliza ya nini katika nyumba ya watu wachache, aliniambia, "Ya mtaa."

Basi siku moja tulikuwa tunakula michembe, mimi nimeelekea ukuta. Nikaona misumari iko mitupu. Sikuwaza lolote, nilichovya, nikatafuna. Zehra akapiga kelele kutoka chumbani, imekatika. Nikabaki na tonge mkononi nikiitazama ile misumari, na kitu kikanijia polepole, kwamba juzi ilipokatika nilikuwa nimesimama palepale nikitafuta bisibisi, na nilikuwa nimejigonga kichwa kwenye msumari. Ningewezaje kujigonga kwenye msumari wenye sufuria? Sikumwambia mtu. Nilianza kula jikoni kila siku, Zehra akinitania kwamba nimeolewa na mama yake. Haikuchukua muda. Mama Minza, jirani yetu, alikuja asubuhi moja na wanawake wengine wawili, wamefunga khanga viunoni. Walisimama mlangoni kwanza bila kusema. Mama Murtaza aliwaona, akaacha mwiko, akawashika mikono mmoja mmoja, akawaongoza sebuleni. Yeye alitangulia. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akiizima televisheni, kisha akainama akabonyeza swichi ya Sebule, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza, ndipo akageuka akawaambia, "Kaeni, poleni. Ni nani tena?"

Nilisubiri mpaka walipoondoka na masufuria vichwani. Mama Murtaza akainama tena, akaiwasha Sebule, akarudi kwenye mwiko wake. Nikamfuata.

"Mama, umeizima kompyuta."

"Nimeizima," alisema. "Na nimeiwasha, ili Zehra afanye kazi yake."

"Kwa nini umeizima?"

Alinishangaa, na ule mshangao sitausahau, maana ulikuwa wa mtu anayejiuliza huyu binti kalelewa wapi. "Limi, mtu amefiwa, anaingia sebuleni kwangu, mimi nimwonyeshe samaki wanacheza?"

Samaki walikuwa kazi ya Zehra. Alikuwa ameiwekea Sebule picha ya samaki wa rangi wanaoelea kwenye kioo isipoguswa, tena na sauti ya mapovu. Siku moja, mama alinisimulia, mwanamke aliyefiwa na mwanawe alikaa kwenye lile kochi akilia, na mjukuu aliyekuja naye akaona samaki akaangua kicheko, akawapigia makofi. "Yule bibi aliacha kulia ili amnyamazishe mtoto," alisema. "Ndani ya nyumba yangu." Tangu siku hiyo alizima kila walipokuja kuchukua masufuria, na alizima tena walipoyarudisha. Redio huzimwa, televisheni huzimwa, na hiki nacho kina picha na sauti. Ni nani asiyejua?

"Lakini Mama, nilikuuliza!"

"Uliniuliza umeme," alisema. "Nami nilikujibu ukweli."

Zehra alikuwa amefika mlangoni na kusikia. Alipandisha sauti kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili ili nami niwe shahidi. "Kadi za harusi ya Tinde, Mama! Tulizirudia zote!"

Mama yake alikuwa akichambua mchele. "Siku hiyo alizikwa kijana aitwaye Kwangu, dereva wa malori ya Isaka. Mama yake alikaa pale unapokaa wewe."

"Na kalenda za Geita?"

"Mke wa Mwalimu Shija. Na wiki iliyofuata, Mwalimu mwenyewe."

"Na vile vitabu vya risiti?"

"Mtoto wa Nyanzobe," alisema Mama Murtaza. "Siku hiyo walichukua sufuria moja tu. Ilitosha."

Huo ulikuwa wakati ambao watu walikufa sana, na ugonjwa wenyewe hatukuutaja kwa jina. Tulisema ameumwa kifua, tulisema amerudi kutoka machimboni, tulisema barabara ya malori. Mimi na Zehra tulijua kila mara waya uliposhindwa tangu mwaka kuanza, na hatukujua kwamba mtaa wetu ulikuwa unapungua. Leo nikiwa na umri unaokaribia ule aliokuwa nao Mama Murtaza siku zile, na misiba nikiwa naisikia kabla haijatangazwa, nadhani hakuna namna ya kumlaumu kijana kwa hilo. Kijana anasikia kelele za kazi yake. Lakini nilifadhaika sana pale jikoni, na ninafadhaika hata ninapoandika.

Ilibaki mitihani ya watoto, na chumba kilichopakwa rangi kule Geita. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya Mama Murtaza nikamweleza kwa uangalifu, bila maneno ya cheti. Nilimwambia kwamba ile kompyuta ikiwa haina mtu mbele yake haijakaa bure. Zehra anapoandika chumbani, ni hiyo inayomshikia karatasi. Ikizimwa, karatasi inaanguka. Alisimamisha mkono kwenye ungo. "Hakuna mtu anayeigusa, lakini inafanya kazi?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, kwa ule utaratibu wake. "Kama wale wanaochochea kuni nyuma ya nyumba," alisema. "Waliokaa mkekani hawawaoni, lakini wali unaiva." Kisha akaniambia anachotaka, na alikitaka kwa ukali: isitoe sauti, isionyeshe picha, wala asiione mgeni. Niliwafuta samaki. Nikamwonyesha kwamba kioo kina swichi yake peke yake, kinaweza kulala huku sanduku la chini likiwa macho. Alibonyeza, kioo kikawa cheusi, akanituma chumbani. "Ipo?" aliuliza kwa sauti. "Ipo!" nilijibu. Akabonyeza mara nyingi, akinituma kila mara, kwa kuwa hakuniamini, mpaka miguu ikaniuma. Mwisho alitoa kabatini khanga kuukuu, rangi imepauka kwa kufuliwa, akaikunja karibu na ile kompyuta. Wakija wafiwa angeifunika yote.

Minza alirudi kutoka Geita wiki ile tulipoanza mitihani. Aliletwa na basi, akashushwa amebebwa, nami nilipokwenda kumwona alinitambua, akanitania kwamba ninanuka wino. Aliniuliza kama bado tunalala chini ya meza. Alifariki siku ambayo kurasa za mwisho, za hesabu, zilikuwa mikononi mwa Zehra, na watu wa shule walikuwa wanakuja kuchukua kazi jioni. Nilisikia kilio kikipasua kutoka ng'ambo ya uchochoro. Hata sikuhitaji kuuliza. Nikamwona Mama Murtaza akiyatungua masufuria yote kwa mkono wake, hata lile kubwa, akayapanga mlangoni kabla hajaja mtu wa kuyaomba. Kisha akaingia sebuleni. Nilisimama kizingitini mwa chumba, kati ya Zehra na sebule. Mama Minza aliingia akiwa ameshikiliwa na wenzake, akaketi kwenye kochi, uso kwa uso na kitu kilichofunikwa khanga. Zehra nyuma yangu aliendelea kupiga vitufe, machozi yanamtiririka, akichora duara na pembetatu za watoto wa darasa la saba. Haikukatika. Alipomaliza ukurasa wa mwisho aliniambia kwa sauti ndogo, "Leo haijakatika, Limi," akalalia mikono yake mezani akalia kwa uchungu. Tuliwakabidhi watu wa shule kazi yao, tukaenda kukaa mkekani na wenzetu vidole vikiwa vyeusi kwa wino.

Baada ya matanga Mzee Akbar alimpigia simu Bwana Tito akamwambia atafute kompyuta mahali pengine, na mezani, akimwongezea Zehra mchuzi, akasema kwamba mtoto wa mtu asipewe chumba cha kwa kaka yake Toronto kama hakitaki. Zehra hakwenda Toronto. Yupo mpaka leo, mashine zake zimejaza pale palipokuwa na majora ya vitambaa, na wanawe wananiita Mama Mdogo.

Ndiyo maana siku ya hitima nilikwenda sebuleni bila kugusa waya. Kwenye kochi, si lile la zamani, alikaa Mama Minza peke yake, mzee sasa, fimbo imelazwa mapajani. Kisanduku cha intaneti kilikuwa rafuni kando yake, taa zake zote zimezimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nani amezima hiki?"

"Mimi," alisema.

Nikamweleza kwamba Murtaza alikuwa anasikiliza hitima kutoka huko aliko. Alikitazama kile kisanduku kwa muda. "Sikujua Murtaza yumo humo," alisema. "Nimeona taa zinachezacheza, nikasema hapana, si leo. Misiba yetu yote Mama Murtaza alizima. Wa Minza tu ndio aliofunika." Akanitazama. "Kile kitaa cha kijani nilikiona, chini ya khanga."

"Ulikiona, mama?"

"Nimekaa nacho uso kwa uso, nisikione? Nilijua mna kazi ya watoto wa shule. Nikasema moyoni, acheni iwake." Alisogeza fimbo yake. "Leo nilijua hakuna kazi. Lakini kama ni Murtaza, washa, mwanangu. Washa."

Zehra alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, na niliona kwamba alikuwa amesikia yote. Alimweleza kaka yake kwa Kigujarati, taratibu. Kisha akasikiliza, akaiweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Sauti ya Murtaza, ya mtu mzima aliyechoka, ilisema kwa Kiswahili cha mtaa wetu, "Msiwashe. Mwambieni Mama Minza isiwashwe. Nitamsomea mama mwenyewe, huku." Halafu, kwa Kisukuma alichofundishwa na mama yake, akaongeza, "Wabeja, mayu." Asante, mama.

Mama Minza aliitikia kwa kichwa, kana kwamba Murtaza anamwona. Zehra akakaa upande wake mmoja, mimi upande mwingine. Nje sheikh aliendelea. Kupitia mlango wa jikoni niliiona misumari ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu niijue nyumba ile ilikuwa mitupu yote bila masufuria kuwa kwa jirani. Yalikuwa uani kwa Mama Murtaza mwenyewe, juu ya moto.